Jipu Kando ya Urethra: Istilahi, Ugonjwa na Tiba

Mtu akiota jipu pajani au mgongoni, nyumbani huambiwa asilibinye. Alikande kwa maji ya moto, asubiri liive, na likishatumbuka usaha na kiini vitoke, kidonda kifunge. Kwa jipu dogo la ngozi, ushauri huo una maana. Lakini lipo jipu linaloota penye njia ya mkojo, na hilo ukilisubiri liive unahatarisha maisha. Vitabu vya tiba huliita absesi ya periurethra. Istilahi yake ya Kiswahili inapaswa kumweleza msomaji mambo mawili: jipu liko wapi hasa, na kwa nini halifanani na yale aliyoyazoea.

Tuanze na neno la kwanza. Absesi ni usaha uliokusanyika mahali pamoja ndani ya mwili. Kiswahili tayari kina jipu, wala hakuna haja ya kukopa. Ila tukumbuke kwamba jipu la kitabibu laweza kukaa ndani kabisa, hata kwenye ini au ubongo, pasipo kuonyesha kichwa juu ya ngozi. Kiambishi peri ni cha Kigiriki, maana yake kuzunguka. Hata hivyo, jipu hili kwa kawaida huanza sehemu moja, mara nyingi upande wa chini wa mrija, kabla ya kusambaa. Kwa hiyo “kando ya” hueleza hali halisi kuliko “kuzunguka”.

Neno linalotaka uangalifu zaidi ni urethra. Wengi husema njia ya mkojo, lakini jina hilo ni pana: linakusanya figo, mirija miwili inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo, kibofu, na mrija wa mwisho unaotoa mkojo nje. Mirija miwili ya juu ni ureta. Ule wa mwisho ndio urethra. Tukisema “mrija wa mkojo” bila maelezo, msikilizaji anaweza kufikiria wowote kati ya hiyo. Ndiyo maana napendekeza maandishi ya kitaalamu yatumie “jipu kando ya urethra”, na pale neno linapotajwa mara ya kwanza lifafanuliwe: urethra, yaani mrija unaotoa mkojo kibofuni kwenda nje.

Ugonjwa huu huwapata zaidi wanaume, na umbile ni sababu mojawapo. Urethra ya mwanamume ina urefu wa takriban sentimita 20, ya mwanamke takriban 4. Kuta za urethra ya mwanamume zina vitezi vidogo vya ute, vinavyoitwa tezi za Littre kwa jina la Alexis Littre, mwanaanatomia wa Ufaransa. Kitezi kikiziba na vijidudu vikaingia, usaha hukusanyika. Hali huwa mbaya zaidi pale mrija wenyewe unapokuwa umesinyaa kwa makovu. Mkojo unasukumwa na kibofu, unakuta njia imebana, na shinikizo linausukuma pamoja na vijidudu hadi kwenye nyama za kando.

Makovu hayo hutoka wapi? Kisonono kisichotibiwa vizuri ni chanzo cha tangu zamani. Kuna majeraha pia: dereva wa bodaboda aliyeangukia chuma kwa msamba, au aliyevunjika nyonga ajalini. Kuna na mpira wa mkojo uliowekwa kwa nguvu au kukaa muda mrefu. Usaha ukioteshwa maabara, mara nyingi huonekana vijidudu vya kawaida vya utumbo, vikiwemo vile visivyohitaji hewa. Mwenye kisukari, au mwenye kinga dhaifu kwa sababu nyingine, huelemewa upesi zaidi.

Mwanzoni utando mgumu unaouvika uume huzuia usaha usitoke, na uvimbe hubaki mahali pamoja. Utando huo ukitoboka, usaha na mkojo hupenya chini ya ngozi: hujaza mfuko wa korodani na msamba, kisha huweza kupanda ukuta wa tumbo hadi kifuani. Nyama iliyokosa damu hufa. Huo ndio uozo uliopewa jina la Jean Alfred Fournier, daktari wa Paris aliyeueleza mwaka 1883. Ukifika hapo, mgonjwa anaweza kufa kwa sumu ya vijidudu kuenea kwenye damu.

Katika mwambao wetu, uvimbe wa korodani hupewa majina haraka: busha, ngiri, mshipa. Wengi wamewahi kuona busha linalotokana na ugonjwa wa matende, na wenye ugonjwa huo huishi nalo miaka. Lakini busha hukua polepole, kwa kawaida bila homa. Jipu kando ya urethra huja na maumivu, ngozi nyekundu au iliyobadilika rangi, na homa, na huongezeka ndani ya siku chache. Mgonjwa anaweza kukojoa kwa kuchuruzika au mkojo ukafunga kabisa. Tena, wapo wasiosikia moto wowote wakati wa kukojoa, kwa hiyo kukosekana kwa dalili hiyo kusimtulize mtu. Ngozi ikianza kuwa nyeusi, kunuka, au kutoa sauti ya mchakacho inapobonyezwa, hiyo ni dharura ya saa ile ile.

Kwa mwanamke, jipu la sehemu hii mara nyingi huanzia kwenye tezi za Skene, zilizo pembeni mwa tundu la mkojo, au kwenye kijifuko kilichojitokeza ukutani mwa urethra. Huhisi uvimbe mbele ya uke, maumivu anapokojoa au anapojamiiana, na pengine usaha. Naye anahitaji kupimwa na daktari. Vidonge vya U.T.I. (maambukizi ya njia ya mkojo) alivyonunua duka la dawa havitoshi.

Tiba ina mambo manne. Usaha hutolewa kwa upasuaji, na nyama iliyokufa huondolewa yote. Mkojo hupewa njia nyingine, kwa kawaida mpira unaoingia kibofuni kupitia tumboni, juu kidogo ya kinena. Kulazimisha mpira kupita kwenye urethra iliyobana kunaweza kuichana zaidi. Antibiotiki zenye wigo mpana huanza mara moja kwa sindano, kisha hurekebishwa kulingana na majibu ya maabara. Mwisho, baada ya maambukizi kutulia, kiini cha tatizo hutafutwa: urethra hupigwa eksirei ikiwa imejazwa dawa ya kuonyesha mahali palipobana, kisha hupanuliwa, au hutengenezwa upya kwa upasuaji, wakati mwingine kwa kutumia utando wa ndani ya shavu.

Hatua hii ya mwisho ndiyo inayoachwa zaidi. Uvimbe ukishaisha, mgonjwa hujiona amepona na harudi kliniki. Lakini mbano ukibaki, jipu hurudi, na mkojo hujichimbia vijitundu kwenye msamba. Vikiwa vingi, anapokojoa maji hutoka kama kwenye keni ya kumwagilia bustani. Aibu ya hali hiyo imewafungia wanaume ndani ya nyumba, ilhali inatibika.

Kwa hiyo mhudumu wa afya akimweleza mgonjwa, istilahi peke yake haitoshi. Aseme wazi: “Una jipu kando ya mrija unaotoa mkojo nje. Usilikande, usilitumbue, usisubiri liive. Litapasuliwa leo, na baada ya kupona utarudi tuchunguze kwa nini mkojo ulikuwa unabana.” Na mwanamume anayeona mkojo wake umekuwa mwembamba, unakatika, au unamlazimu kusukuma, aende hospitali sasa, kabla ya homa na uvimbe. Mbano unaogunduliwa mapema hutibiwa bila kungoja jipu limlete kwenye chumba cha upasuaji.