Kupoteza uso

Kupoteza uso (kwa Kichina: diū liǎn) ni msemo wa Kichina wenye maana ya kuvunjiwa heshima mbele ya watu. Katika karne ya 19 Waingereza waliokaa China waliutafsiri neno kwa neno, na Kiingereza kikapata "lose face". Msemo mwenzake, "save face" (kuokoa uso), ulianzia kwa Waingereza hao hao. Waswahili nao huweka haya usoni: husema uso umeumbwa na haya.

Kichina kina nyuso mbili. Mwanaanthropolojia Hu Hsien-chin alieleza mwaka 1944 kwamba liǎn ni heshima ya mtu kwa sababu ya mwenendo wake mwema, na miànzi ni hadhi inayotokana na cheo au mafanikio. Mwizi aliyekamatwa amepoteza liǎn. Miànzi huweza kutolewa kama zawadi: anayekubali mwaliko wa mwenzake mbele ya wageni amempa uso. Kwa Kiingereza zote mbili huitwa "face" tu.

Kwa Mchina anayejifunza Kiingereza, "lose face" si shida. Shida ni maneno ya jirani. "Embarrassed" ni kuona haya, mara nyingi kwa jambo dogo, kama kusahau jina la mgeni. "Ashamed" ni kuona aibu kwa kosa, hata kama hakuna aliyeliona. "Humiliated" ni kudhalilika, aghalabu kwa kutwezwa na mtu mwingine. Diū liǎn hutumika kwa aliyeteleza barabarani na pia kwa aliyenaswa akiiba mtihani. Kwa hiyo mwanafunzi huweza kusema "humiliated" kwa chai iliyomwagika, au "embarrassed" kwa tusi zito alilotukanwa hadharani. Kosa la pili ni baya zaidi, kwa kuwa msikilizaji hudhani hakuumia.

Viambishi pia hutatiza, maana vitenzi vya Kichina havibadiliki umbo. Anayesema "I am embarrassing" akitaka kusema ameona haya, kwa kweli amesema kwamba yeye ndiye anayetia wengine haya.

"Humble" (mnyenyekevu) na "humiliate" (kudhalilisha) yana asili moja, neno la Kilatini humilis, "-a chini". La kwanza ni sifa. La pili ni dhuluma. Kwa Kichina mambo hayo mawili yana maneno yasiyofanana kabisa, qiānxū na xiūrǔ.