Wakili wa Ohio aliyemshtaki Leopold

Hapa Goma hatuchoki kumtaja Mfalme Leopold II wa Ubelgiji kila mazungumzo yanapogusa asili ya mateso ya Kongo. George Washington Williams tunamtaja mara chache mno, ingawa ndiye aliyemwandikia mfalme huyo barua ya wazi ya mashtaka tarehe 18 Julai 1890, akiwa kituo cha Stanley Falls, Kisangani ya leo.

Williams, Mmarekani mweusi, alizaliwa Pennsylvania mwaka 1849. Akiwa na miaka 14 alificha umri wake akaingia jeshi la Kaskazini lililopigana na majimbo ya watumwa. Baadaye akawa mchungaji wa Kibaptisti, akasomea sheria Cincinnati, na mwaka 1879 akachaguliwa mbunge wa Ohio, mweusi wa kwanza katika bunge la jimbo hilo. Mwaka 1882 akatoa juzuu mbili za historia ya watu weusi wa Marekani. Hakuwa mtu asiye na doa: aliacha madeni nyuma yake, na mke na mtoto pia.

Awali alimwamini Leopold. Marekani ndiyo iliyotangulia kuitambua bendera ya mfalme huko Kongo, Aprili 1884, na Seneta John Tyler Morgan wa Alabama, wakili naye, aliishabikia Kongo akitumaini weusi wa Marekani watahamishiwa huku. Williams alikutana na Leopold Brussels mwaka 1889, akamsifu, akapanga kuleta vijana weusi wasomi waje kufanya kazi Kongo. Mfalme alijaribu kumzuia asije kwanza kujionea. Akaja.

Alipanda mto hadi maporomoko ya Boyoma, yaani Stanley Falls, akiuliza maswali njia nzima, na barua yake imepangwa kama hati ya mahakamani: mashtaka 12, moja baada ya jingine. Anaeleza jinsi machifu walivyonyang'anywa ardhi kwa hila. Mzungu alificha betri za umeme ndani ya koti, waya ukafika kiganjani, na chifu aliposhikwa mkono akatetemeshwa karibu aanguke, aamini kwamba mgeni ana nguvu zisizo za kawaida. Anaeleza maofisa wawili wa Kibelgiji waliomwona mtu ndani ya mtumbwi, wakawekeana dau la pauni 5 kama wataweza kumpiga risasi kutoka melini. Zilipigwa tatu, mtu yule akafa. Akaandika pia kwamba dola iliyojinadi kupambana na biashara ya watumwa ilikuwa yenyewe inanunua watu kwa pauni 3 kila mmoja, iwafanye askari. Kwa maoni yangu hapo ndipo uwakili wake ulipong'aa: aliishika serikali ya Leopold kwa ahadi ilizotoa kwenye mkutano wa Berlin mwaka 1885, kisha akadai tume ya kimataifa ije kuchunguza.

Hakufika kwetu milimani. Mzungu wa kwanza kuliona Ziwa Kivu, Mjerumani von Götzen, alikuja 1894, na mkutano wa mipaka wa Brussels wa 1910 ndio uliotubakiza upande wa Kongo. Hata hivyo dola aliyoishtaki ndiyo iliyorithiwa na Wabelgiji walioutawala mji huu, kwa hiyo kesi ile ni yetu pia.

Ubelgiji ilimjibu kwa kumchafulia jina. Kifua kikuu kilimuua Blackpool, Uingereza, tarehe 2 Agosti 1891, akiwa na miaka 41. Kaburi lake lilikosa jiwe hadi 1975, mwanahistoria John Hope Franklin alipoliwekea.

Sifa za kumfichua Leopold ziliwaendea zaidi mwanahabari Morel na konseli wa Uingereza Casement, waliopaza sauti miaka zaidi ya kumi baadaye. Mwaka 1904 mfalme alilazimika kuunda tume ya uchunguzi, ingawa aliichagua mwenyewe. Tume ikawasikiliza Wakongo kwa mamia, na ripoti yake ya 1905 ikathibitisha maovu mengi. Maneno ya mashahidi wenyewe hayakuchapishwa humo. Yalifungiwa kwenye nyaraka za Brussels kwa miongo mingi.