Kangaga-mti: mmea wa milimani unaohitaji kibali mpakani

Kangaga-mti (jina la kisayansi Alsophila manniana, zamani Cyathea manniana) ni kangaga linalosimama kama mti. Shina lake hufikia mita 6 na zaidi, na majani yake hupita mita 2. Mmea huu hautoi maua wala mbegu. Huzaa kwa spora, yaani vumbi laini linalotoka chini ya majani.

Mahali unapoota
Hupenda misitu yenye unyevu, mabonde yenye kivuli na kingo za vijito vya nyanda za juu. Mashariki mwa Uganda, makangaga-miti hupatikana kwenye miteremko ya Mlima Elgon, juu ya mji wa Mbale. Sehemu ya mlima huo ni hifadhi ya taifa tangu 1993, na kuchukua mimea humo bila ruhusa ni kosa.

Matumizi
Shina haliozi upesi na hustahimili mchwa, hivyo hufaa kwa nguzo za uzio. Nyuzi zake hutumika nchi nyingi kuoteshea okidi, na mmea mzima hupamba bustani za hoteli na nyumba. Tatizo ni kwamba shina lina ncha moja tu ya kukua. Likikatwa, kwa kawaida mmea hufa.

Kilimo
Spora husiwa juu ya udongo safi, wenye unyevu na uliofunikwa. Miche hukua polepole, na shina huchukua miaka kadhaa kuonekana. Jinja, ambako joto ni kubwa kuliko milimani, mkulima atahitaji kivuli na maji ya kudumu.

Nyaraka za mzigo
Makangaga-miti ya kundi la Cyathea yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vya porini vilivyo hatarini. Orodha hiyo inahusu pia yale yanayoitwa Alsophila, kwa hiyo kubadili jina kwenye ankara hakusaidii. Mmea hai, shina na nyuzi vyote vinahusika, spora hazihusiki.

Mzigo unaotoka Mbale au Jinja kwenda Kenya kupitia Malaba, Busia au Lwakhakha unahitaji kibali cha CITES cha Uganda. Mimea hai huhitaji pia cheti cha afya ya mimea cha Wizara ya Kilimo, na mnunuzi wa Kenya hutakiwa kuwa na kibali cha KEPHIS kabla gari halijaondoka. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki, ulioanza 2005, uliondoa ushuru kwa bidhaa za ndani. Haukuondoa vibali hivi.

Mimea iliyooteshwa kitaluni nayo huhitaji hati, lakini mwenye kitalu anayetunza kumbukumbu za kusia na kuuza huthibitisha kwa urahisi kwamba haikung'olewa msituni. Msafirishaji adai nyaraka hizo kabla ya kupakia, kwani mzigo ukizuiwa mpakani, gari nalo husimama.