Miwani ya VR ya Magemu: Je, Umnunulie Mtoto?

Mama mmoja alikuja kliniki na mtoto mchanga wa chanjo, lakini swali alilokuja nalo lilikuwa la mtoto mkubwa. Kijana wake wa miaka 9 alikuwa anaililia miwani ya VR, ile inayovaliwa kichwani wakati wa kucheza gemu. Mjomba wa mtoto aliyeko nje ya nchi alikuwa ameahidi kuchangia nusu ya bei, na mama hajui akubali au akatae. Akaniuliza, "Nesi, hii kitu haitamharibu macho?" Siku ile foleni ilikuwa ndefu, nikampa jibu la dakika mbili. Hili hapa ni jibu kamili, kwa ajili yake na kwa yeyote anayelea mtoto anayeomba kitu hicho.

Nianze na msimamo wangu. Mtoto mwenye umri chini ya miaka 12, usimnunulie. Akiwa mkubwa zaidi, inategemea afya yake, nafasi mliyonayo nyumbani, na kama tayari mna mashine inayokiendesha kifaa hicho.

Ni kifaa gani hasa

Ukikiona utadhani ni miwani ya kuogelea iliyonenepa. Kinafunika macho yote mawili, na ndani yake kuna skrini na lenzi mbili. Kila jicho linaoneshwa picha iliyotofautiana kidogo na ya jicho jingine. Ubongo unaziunganisha picha hizo, mtoto akaona vitu kana kwamba viko karibu au mbali naye kweli. Akigeuza kichwa, na picha inageuka. Ndiyo maana watoto huinama kukwepa mpira ambao haupo.

Kwa mashine za magemu za sebuleni, kifaa kinachojulikana zaidi ni cha Sony. Cha kwanza, PlayStation VR, kilitoka Oktoba 2016 kwa ajili ya PlayStation 4. Cha pili, PlayStation VR2, kilitoka Februari 2023 kwa ajili ya PlayStation 5. Kilipotoka kiliuzwa dola 549.99 za Marekani, yaani ghali kuliko bei ambayo PlayStation 5 yenyewe ilianza kuuzwa. Machi 2025 bei ilishushwa hadi dola 399.99. Kwa shilingi ya Tanzania hiyo bado ni takriban milioni moja, kabla ya usafiri na ushuru, na kabla ya kununua mashine. Kifaa hiki kinachomekwa kwa waya kwenye PlayStation 5. Kama hamna mashine hiyo, mjomba atakuwa ametuma pambo la kabatini.

Muuzaji wa vitu vilivyotumika huenda asikwambie hili: gemu za VR za PlayStation 4 hazichezeki kwenye PlayStation VR2. Astro Bot Rescue Mission ya 2018, gemu nzuri kwa watoto, imebaki kwenye kifaa cha zamani. Na hicho cha zamani kinahitaji kamera yake na kiboksi chake cha kuunganishia. Ukiuziwa bila hivyo, umeuziwa nusu ya kitu.

Kuna vingine vinavyojitegemea visivyohitaji mashine yoyote, kama Meta Quest. Quest 3S ilipotoka Oktoba 2024 iliuzwa kuanzia dola 299.99. Hii inahitaji akaunti na intaneti, na hapo ndipo wageni wanapoingia. Nitalirudia hilo.

Kwa nini umri una maana

Sony wameandika kwamba kifaa chao si cha watoto walio chini ya miaka 12. Meta walianza na miaka 13, kisha mwaka 2023 wakaruhusu wa miaka 10 hadi 12 kwa akaunti inayosimamiwa na mzazi. Ukiona kampuni inayotaka kuuza inajiwekea mpaka, usiwe wewe mama wa kuuvuka.

Sababu ya kwanza ni umbo. Umbali kati ya mboni mbili za mtu mzima ni wastani wa milimita 63 hivi. Lenzi zimetengenezwa kuzunguka kipimo hicho. Quest 2, kwa mfano, ina nafasi tatu tu: milimita 58, 63 na 68. Macho ya mtoto yako karibu zaidi, kwa hiyo hatazami katikati ya lenzi. Anaona ukungu, macho yanajikaza kutwa, kichwa kinauma. Uzito nao upo. PlayStation VR2 ina karibu gramu 560, zaidi ya mfuko wa nusu kilo wa sukari uliofungwa mbele ya uso wa mtoto ambaye shingo yake bado inakua.

Sababu ya pili iko ndani ya jicho. Tukitazama kitu cha karibu, macho hufanya mambo mawili kwa pamoja: yanageukia ndani kidogo, na lenzi ya jicho inajirekebisha ili picha iwe safi. Ndani ya VR, macho yanageuka kufuata kitu kinachokuja, lakini skrini haijasogea, hivyo lenzi ya jicho inabaki palepale. Kazi mbili zilizozoea kwenda pamoja zinatengana. Matokeo yake ni macho kuchoka, kukauka kwa sababu mtoto anasahau kupepesa, na wakati mwingine kuona ukungu kwa muda baada ya kuvua.

Hapa nimjibu yule mama moja kwa moja. Hakuna ushahidi kwamba kucheza kwa vipindi vifupi kunaharibu macho ya kudumu. Kwa hiyo kama mtoto wako alijaribu kwa rafiki yake wiki iliyopita, usikose usingizi.

Mtoto aliyesema "mimi sioni kitu kinachokuja"

Kisa hiki ndicho kinachonifanya nisikipuuze kifaa hiki kabisa. Binti wa miaka 7 alivalishwa miwani hiyo na binamu zake kwenye sherehe. Wenzake wote walikuwa wanapiga kelele na kurudi nyuma, yeye amesimama tu. Alisema haoni kitu kinachomjia, anaona picha kama ya kwenye televisheni. Walimcheka. Mama yake hakucheka, alimleta kwetu, tukampeleka kliniki ya macho. Ikaonekana jicho la kushoto linaona hafifu sana na hakuna aliyejua, kwa sababu jicho zuri lilikuwa linafanya kazi ya yote mawili.

Hali hiyo huitwa jicho vivu. Ubongo wa mtoto umeacha kulitumia jicho moja, mara nyingi kwa sababu ya kengeza au kwa kuwa jicho hilo lilihitaji miwani mapema. Matibabu ni miwani, na kulifunika jicho zuri kwa saa chache kila siku ili lile vivu lilazimike kufanya kazi. Yanafanya kazi vizuri zaidi kabla ya miaka 7 au 8, ingawa hata baada ya hapo mtoto anaweza kunufaika. Yule binti alikuwa mpakani.

Kwa hiyo mtoto akikuambia kwamba ndani ya kifaa haoni kina, anaona vitu viwili viwili, au kichwa kinamuuma kila anapovaa, usimwambie anadeka. Mpeleke akapimwe macho. Tena huhitaji kifaa cha milioni kugundua hili: mfunike jicho moja kwa kiganja, kisha jingine, umwombe asome kalenda ukutani. Akiwa mkali au akilia unapofunika jicho moja tu na si jingine, nenda kliniki.

Kichefuchefu, na kifafa

Mnajua watoto wanaotapika basi likipita kona za Kitonga. Sikio la ndani linahisi mwendo, macho yanaangalia kiti kilichotulia, ubongo unachanganyikiwa. Kwenye VR ni kinyume: macho yanaona gari linakimbia, sikio linasema tumekaa kwenye kochi. Gemu za kuendesha gari, kama Gran Turismo 7, husumbua wengi kuliko zile ambazo mchezaji anasimama mahali pamoja na kutumia mikono, kama Beat Saber. Dalili za mwanzo ni ukimya, uso kupauka, jasho, kumeza mate mara kwa mara. Mvue hapohapo. Kuna wanaoshauri avumilie ili azoee. Akivumilia, dalili huzidi, na zinaweza kuendelea kwa saa kadhaa baada ya kuvua.

Kifafa ni jambo zito zaidi. Desemba 1997 nchini Japani, zaidi ya watoto 600 walipelekwa hospitali baada ya kutazama katuni ya Pokémon iliyokuwa na mimweko ya haraka ya nyekundu na bluu. Baadhi yao walipata kifafa. Katika kila watu 100 wenye kifafa, takriban 3 wana aina inayochokozwa na mwanga unaomweka, na huonekana zaidi kwa watoto na vijana. VR inaijaza picha machoni bila kuacha nafasi ya kutazama pembeni. Kama mtoto wako anatumia dawa za kifafa, au amewahi kupoteza fahamu na kukakamaa bila homa, zungumza na daktari wake kabla hata ya kumjaribisha. Degedege la homa alilopata akiwa mdogo si lazima liwe kifafa, lakini litaje.

Ikitokea, mvue kifaa, mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumgonga, usimwekee kijiko wala kitu chochote mdomoni. Likizidi dakika 5, au likijirudia kabla hajazinduka, hospitali.

Neno moja kwa wazazi wa watoto waliofanyiwa upasuaji wa maji kichwani: mashine hizi zina sumaku, na Sony wenyewe wanaonya kuhusu mipira ya kupunguza maji ambayo mpangilio wake hubadilishwa kwa sumaku, pamoja na vifaa vya kuusaidia moyo. Uliza hospitali mpira wa mtoto wako ni wa aina gani.

Sebule yako ina nafasi?

Ili kucheza kwa kutembea, PlayStation VR2 inahitaji nafasi tupu ya angalau mita 2 kwa mita 2. Pima. Toa kochi, toa stuli ya kioo, angalia feni ya juu na mikono ya kijana mrefu. Mchezaji haoni mtoto anayetambaa miguuni pake, na waya wa mita 4 na nusu umelala sakafuni. Umeme ukikatika, anabaki gizani akiwa katikati ya hatua. Kucheza akiwa amekaa ni salama zaidi, na gemu nyingi zinaruhusu.

Kwenye vifaa vinavyoingia mtandaoni, mtoto anaweza kuzungumza kwa sauti na watu wazima asiowajua, nawe uliye pembeni husikii upande wa pili. Zima mazungumzo hayo kwenye mipangilio ya mzazi kabla hajavaa mara ya kwanza.

Basi ni wakati gani inafaa?

Kijana wa miaka 14, ana PlayStation 5 tayari, hana historia ya kifafa, macho yamepimwa, amekijaribu mahali kwa dakika 20 bila kutapika, na ada ya shule haiguswi. Huyo atafurahi, na sioni sababu ya kumnyima. Lakini usinunue kwa hoja ya mazoezi. Ni kweli Beat Saber hutoa jasho. Shirika la Afya Duniani linataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za kuuchangamsha mwili kila siku, na mpira wa uwanjani unazitoa bure. Tena mwanga wa nje una faida ambayo sebule haina: watoto wanaoshinda nje zaidi hupungukiwa na hatari ya kuwa na macho yasiyoona mbali.

Kama kimeshafika nyumbani

Anza na dakika 10 hadi 15, wewe ukiwepo. Baadaye, kila saa ya kucheza iwe na mapumziko ya angalau dakika 15, na asivae saa ya mwisho kabla ya kulala.

Kifaa kinagusa ngozi ya uso na kinapita kwa watoto wengi. Mnakumbuka ugonjwa wa macho mekundu uliosambaa Dar es Salaam na Mombasa mwanzoni mwa 2024. Mwenye macho mekundu, upele usoni au chawa asivae, na asiyeumwa asivae baada yake. Hata kwenye vibanda vya magemu, omba kifutwe mbele yako au muondoke. Sponji inayogusa uso nayo iangalie: mwaka 2021 Meta waliiondoa sponji ya Quest 2, vipande takriban milioni 4, kwa sababu iliwasha ngozi za baadhi ya watu.

Sehemu za plastiki zifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Lenzi ni kitambaa laini kikavu tu, si spiriti, wala si khanga yenye vumbi. Wakimaliza, kifunikeni na kukiweka mbali na dirisha. Lenzi zile hukusanya miale ya jua kama kioo cha kukuzia, na dakika chache za jua la mchana zinatosha kuunguza skrini.