Jinsi ya kulidhibiti gari linapoteleza barabarani

MVUA za masika zinapoanza katika mwambao wa Pwani, kwa kawaida mwishoni mwa Machi na kuzidi mwezi wa Mei, barabara kuu ya Mombasa-Malindi hubadilika tabia. Lami iliyokuwa imara wakati wa kaskazi huteleza kama sakafu iliyomwagiwa sabuni. Hatari huwa kubwa katika dakika za kwanza za mvua, kwa sababu mafuta ya magari, vumbi na chembe za mpira zilizorundikana kwa wiki nyingi za jua huchanganyika na maji na kufanya utando. Mvua ikiendelea, utando huo huoshwa, lakini kufikia wakati huo madimbwi huwa yameshajaa.

Wengi wa madereva wetu hawakufunzwa la kufanya gari linapoteleza. Mtahiniwa wa leseni hapa Kenya amezoea kusimamishwa mbele ya ubao wa mji wa mfano, akasogeza kigari cha kuchezea kwa kidole huku akieleza kanuni za mzunguko, kisha akapelekwa barabarani kwa muda mfupi. Kigari cha ubaoni hakitelezi. Basi siku gari halisi linapoteleza karibu na Matsangoni au Gede, dereva huachiwa silika yake tu, na silika humwamuru mambo mawili: akanyage breki kwa nguvu zote na azungushe usukani kwa pupa. Yote mawili huongeza madhara.

Ili kuelewa sababu, ni vyema kukumbuka kwamba sehemu ya kila tairi inayogusa lami haizidi sana ukubwa wa kiganja. Mshiko wa viganja hivyo vinne ndio unaoliendesha gari, unaolipinda na unaolisimamisha, nao una kikomo. Dereva anayefunga breki katikati ya kona huutumia mshiko wote kwa kusimama, na hakibaki cha kupindia. Gurudumu lililofungwa likasimama kabisa halitii usukani hata ukizungushwa vipi.

Kuna namna mbili kuu za kuteleza, na tiba zake hazifanani.

Ya kwanza ni nyuma kuponyoka. Tuseme unatoka Kilifi kuelekea Malindi na umeingia kona inayopinda kulia. Magurudumu ya nyuma yanapoteza mshiko na mkia wa gari unasukumwa kushoto, kwenye mtaro, huku pua ikielekea kulia, upande wa malori yanayokuja. Ondoa mguu kwenye mafuta polepole, usiguse breki, na uzungushe usukani kushoto, yaani upande ule ule mkia unakokimbilia. Kanuni rahisi zaidi ni kuyakaza macho kule unakotaka gari liende na kuyaelekeza magurudumu ya mbele huko. Anayeukodolea macho mnazi ulio kando ya barabara kwa hofu huishia kuugonga, maana mikono huyafuata macho.

Hapo kazi ni nusu tu. Mkia ukianza kurudi, usukani nao sharti urudishwe mara moja. Ukichelewa, gari huchapa mkia upande wa pili kwa nguvu kuliko mara ya kwanza, na magari mengi hupinduka katika mchapo huo wa pili. Katika gari la gia za mkono, kukanyaga klachi husaidia iwapo mtelezo umeletwa na injini, mathalani dereva alipoongeza mafuta kwa ghafla au kushusha gia kwa kishindo. Wenye matatu za aina ya Toyota HiAce wazingatie hili zaidi, kwani ni magurudumu ya nyuma yanayosukumwa na injini, na gari likiwa tupu upande huo huwa mwepesi.

Namna ya pili ni mbele kukataa kupinda. Unazungusha usukani kushoto, gari linaendelea moja kwa moja kuelekea upande wa wenzako. Silika itakuambia uzungushe zaidi. Usithubutu. Punguza mafuta kwa utaratibu, legeza usukani kidogo kuelekea katikati, na usubiri magurudumu yashike, kisha upinde taratibu. Kusubiri huko ni kama nukta moja, ijapokuwa kwa dereva huwa ndefu mno. Aliyezungusha usukani hadi mwisho huona gari likiruka kwa ghafla kuelekea mtaroni pindi mshiko unaporejea.

Maji yakiwa mengi, tairi huweza kupanda juu yake na kuacha kugusa lami kabisa. Utajua kwa jinsi usukani unavyokuwa mwepesi. Shikilia usukani ukiwa umenyooka, ondoa mguu kwenye mafuta bila kuguguna breki, na mwendo utashuka wenyewe mpaka tairi liiguse barabara tena.

Breki za kisasa zinazozuia magurudumu kufunga zimeleta utata wa aina yake. Gari likiwa nazo, unapolazimika kusimama kwa dharura kanyaga kwa nguvu na usiachie, hata kama pedali inatetemeka mguuni; kutetemeka huko ndiko kufanya kazi kwake, na bado unaweza kupinda. Gari lisilo nazo likifunga magurudumu, achia breki yaanze kuzunguka, kisha ukanyage tena kwa wepesi zaidi. Lakini katika barabara za udongo na changarawe za ndani huko Ganze na Magarini, breki hizo za kisasa huenda zikahitaji masafa marefu zaidi kulisimamisha gari. Huko, penye vituta vidogo vidogo kama mabati, gari huelea hata siku ya jua, na dawa ni mwendo wa chini.

Jambo jingine linaloponza wengi ni kingo za lami zilizoliwa na mvua. Magurudumu ya kushoto yakitumbukia kwenye udongo, dereva huvuta usukani kulia kwa nguvu ili apande. Tairi hushika ukingo, kisha gari hurushwa hadi upande wa pili wa barabara. Baki humo humo, nyoosha usukani, punguza mwendo, na upande pole pole mahali ambapo ukingo ni mfupi.

Kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, maarufu kama sheria za Michuki, ziliyawekea magari ya abiria vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Katika mvua, hata 80 ni nyingi. Ukishuka hadi 60, nishati ambayo breki zinapaswa kuimaliza hupungua kwa takriban asilimia 44.

Kuhusu matairi, desturi ya mafundi wetu ni kuweka mazuri mbele. Watengenezaji hushauri kinyume: yenye meno marefu yakae nyuma, kwa sababu mkia unaoponyoka ni mgumu kuudhibiti kuliko pua. Anayenunua tairi la mtumba na atazame tarakimu nne ubavuni. 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Jua hukausha mpira, na tairi kuukuu laweza kuwa na meno marefu lakini likawa gumu kama ubao.

Iwapo gari limekwama barabarani, washa taa za tahadhari, waondoe abiria upande wa mbali na magari, na uweke pembetatu nyuma kwa umbali wa kutosha. Asiye nayo hukata matawi, kama ilivyo ada. Ukiondoka, yaondoe, kwani tawi bichi lililolowa nalo huteleza.