Moshi Ulioilisha Bahari

Wakazi wa mwambao wetu hawajaisahau vuli ya mwaka 1997. Mvua zilivuka hadi mwaka mpya, madaraja yakachukuliwa na maji, na jina la El Nino likaingia katika mazungumzo ya barazani. Kisichosimuliwa sana ni yale yaliyotokea ng'ambo ya bahari hiihii katika miezi hiyohiyo. Joto la Bahari ya Hindi lilikuwa limehamia upande wetu. Upande wa Sumatra maji yakapoa, mawingu yakaadimika, ukame ukashika.

Ukame huo ulikutana na moto wa mkono wa binadamu. Huko Sumatra na Kalimantan misitu ilichomwa ili kupata mashamba, ya michikichi hasa, na moto ukazama hata katika udongo wa mboji, ambao huwaka chini kwa chini kwa majuma mengi. Moshi ukafunika Malaysia na Singapore. Watu wakahesabu wagonjwa wa kifua na safari za ndege zilizovunjwa. Bahari haikuwamo katika hesabu hiyo.

Kwetu sisi, moshi unaopanda juu ya paa ni habari njema: jikoni kuna kitu. Huko Mentawai, visiwa vilivyo magharibi ya Sumatra, moshi wenyewe ndio uliokuwa chakula. Maji baridi yaliyopanda kutoka kilindini yalileta rutuba tele, lakini vijimea vya baharini, vile visivyoonekana kwa jicho, havistawi bila chuma, na chuma baharini ni haba. Upepo wa kutoka mashariki ukakileta ndani ya majivu. Bahari ikageuka nyekundu. Vijimea vikazaana kupita kiasi, vikafa, vikaoza, na kuoza kwake kukamaliza hewa iliyomo majini. Samaki na matumbawe wakafa kwa kukosa pumzi. Msomaji asikichanganye kifo hiki na kile cheupe cha mwaka 1998, kilichofika hata kwetu: kile kililetwa na joto, na hapa maji yalikuwa baridi.

Mwaka 2003 Nerilie Abram na wenzake walieleza haya katika jarida la Science. Ushahidi waliusoma ndani ya matumbawe yenyewe, ambayo hukua tabaka juu ya tabaka na kuhifadhi alama za maji ya kila mwaka. Alama hizo zilionyesha kwamba kupanda kwa maji baridi kiasi kile hakukuwa jambo jipya pale. Peke yake kusingetosha kuleta maafa hayo. Kilichozidi mwaka 1997 ni moshi. Mwaka 2004 jarida hilohilo lilichapa pingamizi la mtaalamu mwingine. Mimi hoja ya tabaka imenishawishi.

Mwaka 2019 bahari ilipinduka tena namna ileile. Sisi tukapata mafuriko, wao ukame. Na Sumatra na Kalimantan zikawaka.