Msongo wa Mawazo: Kutoka Mpigo wa Mshipa Hadi Nyani wa Mara

Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliacha katika Al-Qanun njia ya kumpima mgonjwa anayekondeshwa na mapenzi asiyotaka kuyataja. Tabibu amshike mshipa wa mkono, kisha ataje taratibu majina ya watu, mitaa na kazi. Mpigo ukibadilika ghafla, siri imetoka. Takriban karne moja kabla yake, Abu Zayd al-Balkhi alikwisha kuandika kitabu kizima kuhusu siha ya mwili na nafsi, akishikilia kwamba kimoja kikiugua, kingine hakisalimiki.

Tiba ya Ulaya ilipogundua katika karne ya 19 kwamba vijidudu huleta maradhi, nafsi iliwekwa kando. Aliyeirudisha ni Walter Cannon wa Harvard. Akitumia eksirei, aliona tumbo la paka likisaga chakula vizuri; paka akishtuka, tumbo linasimama. Mwaka 1915 akaeleza sababu: adrenalini humwagika, moyo huenda mbio, sukari hujaa kwenye damu, na mwili hujiandaa kupigana au kukimbia.

Hans Selye, huko Montreal, aliwachoma panya dondoo za viungo akitafuta homoni mpya. Hakuipata. Alipowapasua, tezi zilizo juu ya figo zilikuwa zimevimba, tezi ya kinga iliyo kifuani imesinyaa, na tumbo lina vidonda. Wengine akawaweka kwenye baridi, wengine akawachosha kwa mazoezi makali: matokeo yale yale. Akayachapisha mwaka 1936, na hali hiyo ikaja kuitwa msongo.

Basi msongo ukabebeshwa kila lawama, hasa vidonda vya tumbo, mpaka Waaustralia Barry Marshall na Robin Warren walipoonyesha miaka ya 1980 kwamba vingi husababishwa na bakteria. Marshall aliwanywa mwenyewe ili kuthibitisha. Hata hivyo, wapo wanaoumwa tumbo na bado wanaambiwa wapunguze mawazo. Wakapime kwanza.

Msongo unaoua ni wa namna gani hasa? Uchunguzi wa Whitehall, ulioanza London mwaka 1967, ulikuta watumishi wa serikali wa ngazi za chini wakifa zaidi kwa maradhi ya moyo kuliko wakubwa wao. Nchini Kenya, Robert Sapolsky aliwapiga nyani wa Maasai Mara mishale ya usingizi na kuwatoa damu. Madume ya chini, yanayoonewa kila siku, yalikuwa na kotisoli nyingi, yaani homoni ya msongo. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye kiini: kuonewa huku huna la kufanya hudhuru kuliko wingi wa kazi.

Kwa hiyo dawa za presha, mazoezi na usingizi husaidia, lakini havimalizi shida iliyoleta mawazo. Nchini Zimbabwe, tangu mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda amewafundisha bibi kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, wachague tatizo moja na kulitafutia ufumbuzi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita, waliopitia benchi hilo walikuwa na nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Zahanati zetu zina miti ya kivuli na bibi hawakosekani. Wizara za afya ziwafundishe.